Nilivyofuta Ng'ombe wa Dundori

Afadhali niwaambie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa Muigai, kwa sababu Muigai akiisimulia huanza na kicheko, na mimi katika jambo hili sijaona bado mahali pa kucheka. Aliyeharibu ni mimi. Si stima, si hao watu wa mbali waliotengeneza huo mtambo, si shetani. Mimi, mwenyekiti wa kikundi cha ng'ombe, mzee wa miaka sabini na moja, mwenye nyumba ya mawe na watoto sita waliosoma mpaka wakamaliza, nilikaa kwenye kiti nikiwa na akili zangu timamu (sikuwa nimekunywa chochote zaidi ya chai) nikabonyeza.

Mnanijua. Shule niliiacha darasa la tatu, nikawa taniboi, yaani utingo, wa lori la viazi, kutoka huku Dundori kushuka Nakuru na kurudi, mpaka siku moja nikawa dereva, na siku nyingine nikawa na lori langu. Hakuna aliyenifundisha injini. Nilijifunza kwa kulala chini yake huku mafuta yakinidondokea machoni. Kwa hivyo nilikuwa na imani moja maishani, kwamba mtambo ni mtambo: ukichoka unauzima upoe, ukichafuka unaupuliza, ukilemewa unaupunguzia mzigo. Kwa sheria hizo tatu nimelea watoto sita. Na kwa sheria hizo hizo tatu nimewatia hasara watu arobaini.

Sasa muelewe kitu kimoja kuhusu kikundi chetu cha ng'ombe, maana bila hiki mtadhani naumia kwa sababu ya picha. Ng'ombe wa kawaida anaweza kupanda akawa ng'ombe wa kitabu, yaani yule anayeandikwa na watu wa mifugo kwamba ni wa asili kamili, lakini hapandi yeye mwenyewe, anapanda kwa vizazi. Unaanza na ng'ombe wa ngazi ya kwanza, unampandisha kwa mbegu ya dume anayejulikana, binti yake anaingia ngazi ya pili, mjukuu ya tatu, na kitukuu, Mungu akipenda na asiwe dume, anafika juu. Na kila kizazi lazima kiwe kimeandikwa: mama nani, baba nani, alipandishwa lini, alizaliwa lini, pamoja na picha za ubavu wa kulia na wa kushoto, kwa sababu mabaka ya ng'ombe ni kama alama ya kidole. Ukikosa maandishi, hata awe mzuri namna gani, huyo ni ng'ombe tu.

Mwenye mtamba aliyekuwa amebakisha hatua ya mwisho alikuwa mmoja peke yake, Mama Wanjiru, jirani yangu, mjane ambaye shamba lake na langu yamegawanywa na ua wa waya. Alianza na ng'ombe aliyeachiwa na marehemu mumewe. Miaka zaidi ya kumi na mbili alikuwa anapanda hiyo ngazi, na mtamba wake, anayeitwa Tumaini, ndiye angekuwa wa kwanza wa kitabu katika kikundi chetu chote. Mkaguzi wa hao watu wa mifugo alikuwa aje Ijumaa.

Maandishi yote yalikuwa ndani ya kompyuta. Anayeishughulikia ni Nyokabi, karani wetu, mwanamke mwerevu sana ambaye mume wake anafanya kazi Olkaria kwenye ule moshi wa ardhini unaotoa stima. Zamani tulikuwa na kadi za karatasi, zile anazoacha daktari wa kupandisha, lakini Nyokabi alipomaliza kuzinakili, mimi (tena nikasimama mbele ya mkutano nikakohoa kwanza) nikasema panya wamezidi kwenye ofisi, tumekuwa watu wa kisasa, hizo karatasi zichomwe. Zikachomwa. Nyokabi akasema basi tununue kifaa cha kuhifadhi nakala ya pili. Nikamuuliza ni mtu gani mwenye akili anayeweka kitu kimoja mara mbili. Watu wakapiga makofi. Nayakumbuka hayo makofi vizuri kuliko siku yangu ya harusi.

Jumatatu ya wiki hiyo mume wa Nyokabi akavunjika mguu, naye akaenda Olkaria kumuuguza, akasema Ijumaa asubuhi atakuwa amerudi. Kila kitu kilikuwa tayari. Hakukuwa na kazi yoyote iliyobaki. Ningeenda kupalilia viazi, leo ningekuwa mtu.

Jumanne Mama Wanjiru akanikuta nje ya ofisi, akaniuliza kwa adabu, "Baba Njoroge, ule ukurasa wa Tumaini uko sawa kweli? Nilikuwa nataka tu niuone."

Ningemwambia angoje Nyokabi. Lakini alivyoniuliza ilikuwa kama anajua sitaweza, na mimi mtu akinitazama hivyo huwa siwezi kunyamaza. Nikamwambia, "Ingia."

Nikaiwasha. Badala ya ng'ombe, kikatokea kibao chenye maneno ya Kizungu. Kizungu mimi sisomi, nasoma Biblia ya Kiswahili na majina ya watu, lakini singesema hivyo mbele ya Mama Wanjiru. Kulikuwa na sehemu mbili za kubonyeza, moja ndogo ya kijivu na nyingine kubwa ya buluu. Nikabonyeza ya buluu. Skrini ikabadilika, vidoti vikaanza kuzunguka kama ndama aliyefungwa kwenye mti, na namba ikaanza kupanda polepole.

"Inafanya nini?" akauliza.

"Inajipanga," nikasema, nikakunja mikono.

Baadaye ndiyo niliambiwa ilikuwa inajisasisha, ile vijana wanaita update. Ilichukua muda mrefu mpaka Mama Wanjiru akaenda kukamua. Ilipomaliza ikawaka, lakini ikawaka mzembe. Unabonyeza, inafikiria. Unabonyeza tena, inafikiria tena, halafu inafungua vitu vitatu kwa pamoja kama mtu aliyeamshwa kwa kofi. Nikatumia sheria ya kwanza: nikaizima ipoe. Nikangoja. Nikaiwasha. Ikawa mbaya zaidi. Nikaizima tena.

Nikampigia Nyokabi simu.

"Mzee, umeizima mara ngapi?"

"Nne. Ya mwisho nilichomoa waya."

Nikasikia kelele za hospitali nyuma yake. Halafu akasema taratibu, kama anavyomsemesha mgonjwa wake, "Basi, Mzee, iwashe halafu iache. Usiizime. Bado inamalizia kazi yake huko ndani, na ukiizima inaanza upya. Itakuwa nzito leo, pengine na kesho, halafu itatulia yenyewe."

"Itatulia yenyewe? Mtambo?"

"Ndiyo, Mzee. Hauhitaji kitu. Iache tu, usiiguse."

Hapo ndipo penye aibu yenyewe, kama mnatafuta mahali pa kuweka kidole. Nilikuwa nimepewa dawa, tena ya bure, na dawa ilikuwa kukaa bila kufanya kitu. Nikaona ananidharau. Nikamwambia, "Nyokabi, mimi nimefungua gia boksi barabarani kwa tochi kabla mama yako hajaolewa," nikakata simu, kwa sababu mtu ambaye maisha yake yote ameinuka kwa kufanya hawezi kuambiwa na karani wake kwamba safari hii kufanya ndiko kunakoharibu.

Jumatano nikatumia sheria ya pili. Nikalibeba lile sanduku la kompyuta kwenye toroli mpaka senta, pale madukani, kwa Muigai, rika langu, anayeziba panchari na pia ni memba wa kikundi. Nikamwambia alipulize kwa kompresa yake.

Muigai akanitazama, akatazama sanduku, akainua sauti ili kinyozi na wale wa duka la dawa za mifugo wasikie. "Chairman, niweke upepo ngapi? Hii ni tairi ya mbele au ya nyuma?"

"Puliza, wacha maneno."

"Mwenye mali amesema. Lakini ikipaa kama ndege, mimi simo."

Akapuliza. Likatoka vumbi, likatoka na tone la maji ambalo nililipangusa kwa shati, na mwisho akaanguka mende mkavu, mkubwa, miguu juu. Mimi nikamwokota huyo mende kwa ndevu zake nikamwinua watu wote wamwone, nikasema, "Mnamwona? Huyu ndiye alikuwa anaimaliza." Walicheka, na mimi nikadhani wanacheka pamoja na mimi.

Nikairudisha ofisini, nikaiwasha. Nzito vile vile. Lakini mke wangu akaniita twende tukatazame ng'ombe wetu aliyekuwa na uchungu wa kuzaa, nikatoka mbio nikaisahau ikiwa inawaka. Ikawaka jioni hiyo na usiku wote mpaka kesho yake. Kumbukeni hilo, mimi wakati ule sikulitilia maanani.

Alhamisi asubuhi nikaenda na sheria ya tatu. Nilikuwa nimewahi kumwona Nyokabi akifungua pale panapoonyesha mtambo umejaa kiasi gani, kuna kimstari, na siku hiyo kimstari kilikuwa chekundu. Nyekundu naijua. Kwenye lori nyekundu ni nyekundu. Nikajiambia, mzee, hii imepakiwa kupita kiasi. Nikatafuta mzigo mkubwa uko wapi. Kulikuwa na kijifuko kimeandikwa NG'OMBE, nikafungua, ndani majina ya memba wote, na kila jina ukilifungua ni picha, ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto, kulia, kushoto, ng'ombe na mama yake na nyanya yake, mamia. Nikacheka peke yangu. Ng'ombe wenyewe wako hapa nje wanakula nyasi, picha ni za nini? Nikadhani mambo ya vizazi yako mahali pengine, kwenye vitabu vya ndani ya mashine, sijui nilidhani wapi. Sikutazama mpaka chini. Chini ndiko kulikokuwa na orodha yenyewe ya vizazi.

Kufuta najua, kwa sababu kila siku nafuta video ninazotumiwa na watu wa kanisa. Nikakivuta kile kijifuko chote nikakitia kwenye pipa. Halafu (na hili hakuna aliyeniambia, hili nililitoa kichwani mwangu mwenyewe) nikajiuliza, takataka iliyo kwenye pipa si bado iko uani? Lori lililomwaga mzigo ndani ya lori limepunguza nini? Nikamwaga na pipa. Ikaniuliza kitu kwa Kizungu. Nikabonyeza ya buluu.

Kimstari kikawa buluu. Na mashine, naapa, ikawa nyepesi. Unagusa inafunguka, unagusa inafunguka. Nyokabi amenieleza tangu hapo kwamba ilikuwa imeshamaliza kazi yake usiku ule niliposahau kuizima, na kwamba ningeikuta nyepesi hivyo hivyo hata kama ningefika nikatundika kofia na kwenda zangu. Lakini mimi nilitoka pale kifua mbele, nikapita senta nikamwambia kila mtu, nikamwambia Muigai kompresa yake ni ya kazi, nikamwambia Mama Wanjiru juu ya ua, "Mama, lala salama, nimeitengeneza mwenyewe." Akanibariki. Yaani alisimama pale na ndoo mkononi akaniombea baraka.

Ijumaa watu walifika mapema. Ng'ombe walikuwa wameoshwa kama watoto wa Krismasi, na Tumaini alikuwa ameoshwa kwa sabuni ya mche mpaka mkia wake ulikuwa mweupe kuliko shati langu. Mama yake Tumaini alikuwa upande wa pili wa ua, kwa sababu shamba la kikundi limepakana na la Mama Wanjiru. Nyokabi alishuka garini akiwa na vumbi na macho mekundu ya kukesha hospitalini. Mkaguzi alikuwa mwanamke wa makamo, buti za mpira, mpole, wa maneno machache. Tukaitoa kompyuta nje mpaka verandani ili wote waone, wazo langu hilo, na mimi nikatoa hotuba. Nilisema kwamba kuna watu wanadhani mzee ambaye hakusoma hawezi mambo haya. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu.

"Asante, Mzee," mkaguzi akasema. "Tuanze na mtamba wa Mama Wanjiru."

Nyokabi akabonyeza. Akabonyeza tena. Akatafuta, akarudi, akatafuta mahali pengine. Sijawahi kuona mtu akibadilika shingo, lakini niliiona shingo yake ikikaza kutoka nyuma. Akageuka.

"Mzee, kile kijifuko cha ng'ombe kiko wapi?"

"Kipi?"

"Kile cha ng'ombe wote."

"Aa, zile picha. Nilipunguza mzigo."

Muigai akaanza, "Si alisema ni mende..." halafu akaona uso wa Nyokabi, akanyamaza, na Muigai kunyamaza ni jambo ambalo sikuwa nimewahi kuliona.

"Na pipa?" Nyokabi akauliza polepole.

"Nilimwaga."

Mkaguzi akauliza kama kuna kadi za karatasi. Watu arobaini wakanigeukia, kwa sababu wote walikuwepo siku ya kuzichoma. Akauliza kama kuna nakala mahali pengine. Nyokabi angeweza kusema. Alikuwa na haki ya kusema mbele ya watu wote kwamba aliomba na nikamkatalia. Akasema tu, "Hapana, madam." Hilo aliloninyamazia linaniuma mpaka leo kuliko kama angenitukana.

Mkaguzi akapumua, akaeleza bila ukali. Bila maandishi hawezi kumweka ng'ombe yeyote juu ya ngazi ya kwanza. Wote wataandikwa upya, kama walionunuliwa jana sokoni.

Mama Wanjiru akasogea mbele. Hakupiga kelele. Akaanza kusema kwa mdomo, pale pale, amemshika Tumaini kamba: huyu mama yake ni Neema, alipandishwa mwezi ule mvua ya mawe ilipopiga viazi, akazaa Jumapili watu wakiwa kanisani, na mama yake Neema ni Baraka, na dume alikuwa yule wa namba fulani, akaitaja namba yote, na mama yake Baraka ni yule niliyeachiwa na mume wangu, alikuwa na pembe moja. Vizazi vinne, hakukosea hata kimoja. Mkaguzi aliteremsha kalamu, akamsikiliza mpaka mwisho kwa heshima. Halafu akaiinua.

Nilikuwa karibu naye, na fomu ilikuwa na Kiswahili chini ya Kizungu, kwa hivyo nikaweza kusoma alichoandika. Jina: Tumaini. Baba: hajulikani. Mama: hajulikani.

"Lakini mama yake ni yule pale," nikasema, nikanyoosha mkono kwenye ua, ambako Neema alikuwa ametoa kichwa juu ya waya akimwita binti yake.

"Namwona, Mzee," mkaguzi akasema. "Lakini siandiki ninachoona. Naandika kilichohifadhiwa."

Ilichukua siku nzima, ng'ombe mmoja mmoja, hajulikani, hajulikani, na mimi nilikaa pale kwenye kiti cha mwenyekiti kwa sababu hakuna aliyeniambia niondoke. Nyokabi aliipeleka mashine kwa fundi wa Nakuru mjini, ikarudi na picha chache zilizokatika nusu, matako ya ng'ombe bila vichwa, hakuna hata jina moja. Kiti nilikiacha wiki iliyofuata. Nilitegemea angalau mtu mmoja aseme "Mzee, kaa." Wakasema asante kwa kazi, wakaendelea na ajenda.

Nilikwenda kwa Mama Wanjiru na mtamba wangu bora, nimemfunga kamba mpya. Nikamwambia, chukua. Hakufungua lango. Akasema, "Baba Njoroge, ng'ombe ninaye. Nilichokuwa nangoja ni aandikwe." Akaniuliza kama nimekunywa chai, akaniletea kikombe nikanywa nimesimama nje na huyo mtamba wangu, kisha tukarudi nyumbani.

Nimeweka nadhiri na sitaivunja: mtu anayejua kazi yake akiniambia niache, naacha, hata awe na umri wa mjukuu wangu, hata iwe ni sufuria jikoni. Na kubonyeza kitu nisichoweza kusoma, sibonyezi tena. Lakini nadhiri hairudishi vizazi. Nimehesabu: kutoka chini mpaka juu tena, mimi sitakuwepo. Mama Wanjiru naye labda hatakuwepo.

Mwezi uliopita Tumaini alizaa, jike, na asubuhi Nyokabi alikuja na kompyuta ndogo na daftari, siku hizi anaandika mara mbili. Mimi nilisimama nje ya zizi, nisiguse kitu. Alipomaliza nikavua kofia, na mbele ya Mama Wanjiru na Muigai nikamwambia kitu ambacho tangu nizaliwe sijawahi kumwambia mtu: kwamba mimi hicho Kizungu sijui kukisoma, tafadhali anisomee.

Akanisomea. Mama: Tumaini. Ngazi: ya pili.